Hiyo Si Sauti Yake

Injini ya zamani tuliitoa Jumanne.
Ikaning'inia kwenye mnyororo, ikivuja tone moja moja,
kama mtu aliyenyanyuliwa usingizini
asijue bado nani kamnyanyua.

Ilinoki mwezi Machi, kwenye kona ya kupandia Peñasco,
baba akiwa na mbegu za majani ya ng'ombe nyuma, mbwa mbele.
Alisema ni plagi tu.
Alisema ni mafuta mabaya ya Taos.
Wiki tatu alisema hivyo, kisha akanyamaza,
na kunyamaza kwake ndiko kulikonituma kwa Onofre.

Onofre hana maneno mengi. Ana spana.
Alipiga magoti, akainusa oili kwenye kidole:
"Chuma kinakula chuma." Basi.

Nyingine tuliikuta kwa muuza vyuma chakavu,
ndani ya basi la shule lisilo na magurudumu:
silinda sita, foleni moja, ukoo ule ule,
na chini ya kiti cha dereva, kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Nilitaka kukichukua. Sikujua nikipeleke wapi.

Pikapu ni ya mwaka hamsini na tatu. Baba ni wa hamsini na moja.
Aliipata kwa shemeji yake Abrán
badala ya kondoo kumi na mmoja aliokuwa akimdai,
na hadi leo kila mmoja anaamini alimpunja mwenzake.

Siku ya kuipachika hakutoka nje.
Alikaa jikoni, akapunguza sauti ya redio
ili asikie vizuri asichotaka kusikia.

Onofre kwenye winchi, mimi chini, kiganja ubavuni mwa chuma baridi.
Shusha. Shusha. Simama.
Feni ikagusa rejeta.
Unene wa kidole kimoja, nafasi haipo!
Kipya kinyemi, husema watu;
hiki hakikuwa kipya, na unyemi wake hatukuuona.

Onofre akamaliza kahawa iliyokwisha kupoa,
akaenda nyuma ya ghala, akarudi na jembe la plau,
akakata humo kibati, akatoboa matundu manne,
pampu ya maji ikarudi nyuma, na feni nayo.
Nje theluji ya Aprili ilianguka bila haya.

Mara ya kwanza ilikohoa.
Mara ya pili, moshi, nasi tukatoka mbio.
Mara ya tatu ikashika,
na nati zote ndani ya kopo zikaanza kucheza.

Baba mlangoni, na soksi tu miguuni.
"Hiyo si sauti yake."

Hatukumjibu, maana ilikuwa kweli.
Akatupita, akaipita pikapu inayonguruma,
akaenda pale ya zamani ilipolala juu ya tairi,
akafunua turubai, akaweka kiganja
kama anavyomwekea ng'ombe aliyekataa kuinuka.
Alikaa hapo muda. Onofre akajifanya anatafuta bisibisi.

Kisha, bila kugeuka:
"Hii ya basi inakula oili kiasi gani?"
"Kidogo," nikasema. Sikujua.

Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.
Nikampa kitambaa ajifute grisi.
Akakitupa chini.
Alikuwa anataka ufunguo.