Ufunguo Usiolia

Piano ya Rungwe ilipanda mlima mabegani mwa watu,
ndivyo tulivyosimuliwa. Mimi niliikuta kikongwe,
panya wamezaa kati ya nyundo zake,
na unyevu wa Juni umevimbisha mbao
hata funguo zikibonyezwa zinasahau kurudi.

Mimi ni seremala: madawati, milango, majeneza.
Mchungaji akasema, Anyelwisye, mbao ni mbao.
Nikakata blanketi la marehemu mama,
nikazivisha nyundo moja moja
kama watoto wanaokwenda shule kwenye baridi.

Zote zikaitika, isipokuwa mmoja,
pale katikati, juu ya tundu la kufuli.
Waya wake ulikatika kabla sijaoa,
na Mbeya nzima sikupata mwingine.
Ukiubonyeza husikii sauti. Unasikia mti tu:
ko.

Subilaga alirudi wakati wa kuchimba viazi,
amesoma mbali, ana daftari lililolowa pembe.
Vipande saba, akasema, vya piano peke yake.
Hakuna wa kuimba, hakuna wa kupiga makofi.
Nikauliza, virefu? Akacheka:
kirefu kuliko vyote kinakwisha chai haijachemka.

Nota sizisomi. Nilisimama nyuma yake,
bisibisi mfukoni, kama mkunga.
Cha kwanza kilikuwa ukungu wa Kiwira:
ng'ombe humwoni, kengele yake unaisikia,
kisha huisikii, kisha iko nyuma yako.
Cha tatu sikukipenda, nikamwambia.
Akasema hata yeye, lakini kilikataa kufutika.
Kuna kimoja mkono wa kushoto unakaa tu mapajani,
unangoja, unangoja,
unakuja kugusa mara moja, basi.

Kwenye cha tano nikasikia: ko.
Aibu ikanipanda hadi masikioni.
Nikataka kusema, samahani binti, huo ni mbovu.
Ko, tena. Na tena, pale pale ambapo wimbo
ulikuwa karibu kusema jina la mtu.
Nikachungulia daftari. Kati ya mayai meusi
alichora kisanduku kidogo, mkono haukutetemeka.
Alikuwa ameuandika.

Agosti walivipiga mjini, ukumbi wa hoteli,
piano mpya inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Kijana alijua kazi yake. Kufika cha tano
nota ile ikalia, safi, tamu, nzima,
na watu wakashusha pumzi.
Subilaga akaniinamia: Amekosea.
Katika ukumbi ule wote
tulijua wawili.

Waya umefika tangu Septemba.
Jamaa wa Dar aliutuma kwa basi,
umejikunja ndani ya droo, chini ya misumari.
Kila Jumapili mchungaji ananiuliza,
na mimi, mzee wa kanisa, miaka kumi na tisa,
naitazama Rungwe kule juu ikivaa wingu
na kumjibu: bado, baba. Barabara mbaya.