Mzungu wa Nne

Mwalimu Hrušovská kanichorea duara jekundu:
nimeandika kuwa siki na maji ni jozi
kwa sababu wamekaa upande mmoja wa mshale.
"Majirani si jozi," kaandika pembeni.
"Mtafute yule yule, kabla na baada."

Jikoni, hapa Prešov, mama anakata kabichi ya zambarau.
Theluji imemeza nusu ya dirisha.
Anamimina siki, sufuria inaiva nyekundu.
Mimi naiba maji yake kidogo, natia magadi:
samawati, kama mshipa wa kiganja chake.
Kuna kitu kimehama. Sikioni. Naona rangi tu.

Kesho Ijumaa.
Tutashuka Kysak, reli zinapoachana,
saa kumi na dakika saba,
na baba atakuwa pale, glavu kasahau tena,
mikono mitupu.
Mama atanirekebisha kola ambayo haijapinda.

Hapo kalamu ikasimama.

Mama akiwa nami ni asidi.
Mama akirudi, kiti cha pili kimekaliwa na mwavuli,
ni besi, na ile alama ya kutoa juu ya bega.
Ni yeye yule. Kinachowatenga ni mimi,
protoni ya kilo arobaini na mbili, mkoba mgongoni.
Baba naye: mtupu, kisha amejaa.
Jozi ni mbili, basi.
Mama na baba si mojawapo;
hilo hakimu alishalisema, sikuhitaji kemia.

Kutoa ni moyo, husema watu.
Asidi kali haina moyo: hutoa yote,
na kinachobaki hakina hata hamu ya kupokea.
Siki ni asidi dhaifu. Katika molekuli mia
labda moja ndiyo imeachia,
na hiyo iliyoachia hailali, inanyoosha mikono.
Nilikuwa nikidhani dhaifu ni tusi.

Nafuta jibu. Nachora mishale upya,
miwili, imelala mzungu wa nne kitanda kimoja:
huu wa Ijumaa,
huu wa Jumapili jioni.

"Unaandika nini muda wote huo?"
"Kemia."
Anaonja kwa ncha ya mwiko, anakunja uso.
"Bado," anasema, na kuinua tena chupa.