Foleni ya Mashineni

Kitongojini kwetu, juu ya Tandala, simu hushika mahali pamoja:
kwenye uzio wa shamba la pareto la akina Mahenge,
karibu na jiwe lililobanduka ubavu.
Hapo watu hupokea misiba,
hupokea pesa za mbao, hupokea matusi ya wachumba.
Hapo nami, saa moja kasorobo asubuhi,
ukungu umenikaa kichwani kama kanga mbichi,
nilipokea barua.

Tunayo furaha kukujulisha.

Nikaisoma neno neno, kama mfamasia
anayepambana na mwandiko wa daktari.
Mwaka juzi walisikitika.
Mwaka jana hawakusikitika hata kidogo, walinyamaza.
Mwaka huu waombaji mia nne na kumi,
nafasi kumi na nne za uzamili,
na moja ina jina langu: Tulizo Ndelwa,
afisa ustawi wa jamii, kata mbili, pikipiki moja,
nayo inasubiri betri tangu Pasaka.

Sikupiga kelele. Ukipiga kelele kule juu
kijiji kizima hudhani umefiwa.
Nilikaa jiweni nikazichekea soksi zangu zilizolowa.
Nikahesabu: ada ya maombi, magunia mawili ya viazi;
muhuri wa vyeti Njombe, nauli kwenda, nauli kurudi;
barua ya mdhamini niliyoifuata mara tano
hadi mdhamini mwenyewe akaanza kunikwepa
kama mdaiwa.

Halafu nikamkumbuka Zabroni.

Kwenye usaili waliniuliza, sauti ikikatikakatika:
"Tueleze kesi moja iliyokubadilisha."
Nikiwa hapahapa, kiganja kikiziba upepo,
nikawapa mtoto wa miaka kumi na mmoja
aliyefunga mlango kwa kamba ya katani
ili mdogo wake asitoke usiku kumtafuta mama.
Siku ya kwanza aliniambia, "Mama amekwenda mashineni."
Siku ya pili, "Mashineni kuna foleni."
Siku ya tisa, bado foleni.
Jina nililibadilisha, maadili ya kazi yanataka hivyo.
Foleni sikuibadilisha.
Upande wa pili mtu akavuta pumzi,
nami nikajua, Mungu anisamehe,
nikajua nimepita.

Mchana nikapanda kwa shangazi yao.
Zabroni alikuwa jikoni anamenya viazi,
ganda linashuka refu, jembamba, halikatiki.
Miaka kumi na mitatu sasa, sauti imeanza kukwaruza.
Njiani nilikuwa nimepanga maneno:
miaka miwili tu, atakuja afisa mwingine,
faili lako nimeliandika vizuri.

"Umefaulu?" akauliza kabla sijaketi.
Habari huteremka kilima kuliko miguu yangu.
"Nimefaulu."
"Unakwenda kusomea nini?"
"Kazi hii hii."
Kisu kikasimama. "Kumbe ulikuwa hujaisomea?"

Nilicheka mpaka moshi ukanipalia.
Yeye hakucheka; alikuwa ameuliza.

Basi nikamwambia. Kwamba nilimtaja,
bila jina, kwa watu asiowajua, wa mbali.
Kwamba nilisema habari ya foleni.
Aliokota kiazi kingine, akakigeuza, akatafuta jicho lake.
Mdogo wake aliingia, akachukua kaa la moto kwenye kigae, akatoka.

"Siku ile ya kwanza," Zabroni akasema,
"foleni ilikuwepo kweli.
Nilikwenda kuangalia.
Niliihesabu. Watu kumi na saba."

Hilo halimo kwenye faili langu.
Miaka miwili ya kurasa, mihuri, tarehe,
na sikuwahi kuuliza kama alikwenda.

Nikatafuta la kusema, nikalikosa.
Akanisogezea beseni kwa mguu.
"Visu viko viwili."

Tukamenya. Nje ukungu ulikuwa umerudi mlangoni
kama jirani mwenye haja ya chumvi.
Akatazama maganda yangu, manene, meupe kwa ndani,
akatikisa kichwa.

"Dada Ustawi," akasema, "unatupa chakula."