Toka Kidogo, Buzuka

Seva yetu haiko Mwanza.
Wengine husema iko Dodoma, wengine ughaibuni,
kwenye chumba cha baridi kisichonuka dagaa.
Tuliingia humo kwa nywila, kila asubuhi,
watu watano, fomu ile ile moja:
mimi hapa mwaloni Kirumba,
Buzuka kule Nansio, Magesa Igombe,
Ng'washi Kayenze, na mhasibu Tegamaisho
ambaye hakai mahali.

Tulidhani kushirikiana ni kula sahani moja.

Sahani moja!
Ng'washi akichuja aone magunia ya Kayenze tu,
Kirumba yangu inapotea.
Tegamaisho akipanua safu ya bei,
safu ya uzito inasukumwa nje ya kioo,
na mimi nina gunia juu ya mizani,
mchukuzi ameshika kiuno,
mama mwenye mali ananitazama
kana kwamba ndimi niliyekula kilo zake.
Halafu lile neno jekundu:
Faili limefungwa. Linatumiwa na BUZUKA.

Saa nne, Buzuka. Saa sita, Buzuka.
Nikampigia. "Toka kidogo, Buzuka."
"Nimeshatoka."
"Hujatoka, jina lako hili hapa limekaa."
Kumbe alizima kioo, hakufunga mlango;
mwenyewe kaenda, kivuli kimekalia kiti.
Siku nyingine alikuwa zahanati,
mtoto amepanda homa,
akaninong'oneza simuni, "Ningoje, dada, tunaitwa."
Nikaandika uzito kiganjani kwa kalamu ya wino:
42, 51, 39 na nusu.
Jasho likala ile nusu.

Kisha faili likafa.
Watano tumo ndani, kila mtu anabofya,
huko kwenye baridi mtu akazima seva bila hodi.
Lilipofunguka lilisema maneno yasiyo ya watu,
kama mgonjwa aliyeamshwa vibaya.

Wakamleta Masunga, fundi,
mfuko wa shati umejaa karanga.
Hakuuliza nani kaharibu. Aliuliza:
"Usiku, ukisimama Bwiru, unaona karabai ngapi ziwani?"
"Hazihesabiki," akasema Magesa kwenye spika.
"Na maziwa mangapi?"
Tukanyamaza. Swali la kitoto huudhi likiwa sahihi.

Akatenganisha.
Data akaziacha ghala moja, kule kule.
Fomu akaidurufu mara tano,
kila mtu folda yake, jina lake;
ukiingia asubuhi unakuta nakala mpya
ambayo haijakunjwa na mkono wa mtu.
Panua safu upendavyo. Chuja. Vuruga.
Ukitoka, vurugu lako unatoka nalo.
Akamaliza karanga, akaondoka na maganda mfukoni.

Kazi sasa inakwenda, sikatai.
Gunia likipanda mizani, namba inatua ghalani
kabla mchukuzi hajafuta jasho.
Mwezi mzima sijaandika kiganjani.
Mwezi mzima, pia, sijaisikia sauti ya Nansio.
Sijui mtoto anaendeleaje.
Nitampigia nimwambie nini?
Atoke wapi, wakati hayumo?

Jana, gunia namba 214.
Lilipakiwa Nansio, likapokelewa kwangu,
uzito umepungua kilo mbili njiani.
Nikabofya nisahihishe; pembeni kikatokea kialama:
Mstari huu unahaririwa na mtumiaji mwingine.

Ghala lina mistari elfu themanini,
na mtu amesimama juu ya huu huu wangu.
Ningesubiri. Ni sekunde tu, hujiachia wenyewe.

Nikachukua simu.
"Buzuka," nikasema, "ni wewe?"