Safu ya Tisa

Saa moja asubuhi, msitu wa Rau. Umande bado una madaraka.
Nawahesabu: kumi na tisa, na viatu vyeupe jozi moja,
vya Masalu, aliyedhani msitu una sakafu.
"Chomekeni suruali ndani ya soksi."
Wanacheka. Siafu hawacheki.
Siafu ndio wasaidizi wangu wa maabara:
hufundisha kwa vitendo, hawarudii somo.

Twapima mraba, mita ishirini kwa ishirini.
Lwitiko kashika ncha ya kamba, Ndeshi kashika ya pili,
kati yao mti unaokataa kupitiwa.
Kamba inapinda.
"Dokta, tuukate mraba au tuuzunguke mti?"
Hapo ndipo kozi huanza, kila mwaka,
si kwenye slaidi za Februari kule ukumbini.

Shina hupimwa kimo cha kifua.
"Kifua cha nani?" auliza Mwanahawa wa Wete, mfupi kuliko wote.
Mita moja nukta tatu, namjibu; kifua cha kitabu.
Ajipima kwa tepu, akuta kidevu,
na tangu hapo apima miti yote kwa kidevu chake,
hajakosea hata sentimita.

Fomu ina safu nane:
Namba, Jina, Mzingo, Kimo, Taji, Afya, Wadudu, Maoni.
Mvule, twaandika.
Mkuyu, twaandika.
Msoo, mti usiopenda kusafiri, twaandika polepole.
Juu, mbega afagia hewa kwa mkia;
kwa yeye hatuna safu, ataingia kwenye Maoni
pamoja na mvua na kuumwa kwa tumbo la Lwitiko.

Mraba wa saba. Namtafuta arobaini na moja.
(Miti haimo katika ngeli ya watu, najua.
Huyu nilimpa.)
Nilimpigilia bamba kwa mkono wangu
mwaka ule mwanangu alipokuwa anasimama dede.
Sasa pana uwazi, na jua limekaa pale
kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.
Kisiki. Unga wa mbao umeshakuwa udongo.

Elinami, askari wa msitu, atoa funguo mfukoni:
ya ofisi, ya baiskeli, ya kufuli la ghala,
na katikati yake, 41,
limetobolewa, limeng'aa kwa kusuguana na chuma.
"Nililiokota. Nilijua utakuja kuuliza."
Sijauliza.
"Usiku ule nilikuwa msibani, Kibosho," aongeza.
Hilo pia hakuna aliyemwuliza.
Arudisha funguo mfukoni, na mti wangu ndani yake,
walia kidogo anapotembea.

Ndeshi kainua kalamu:
"Dokta, huyu anaandikwa wapi?"
*Huyu*, kasema. Nimesikia.
"Haandikwi. Twahesabu kilichopo.
Ukiandika usichokiona, hiyo ni fasihi."

Akainama. Kwa ukingo wa kitambulisho chake cha chuo
akachora mstari pembezoni mwa karatasi,
safu ya tisa, akaipa jina: Aliyekuwepo.
Chini yake: 41. Kisiki, shubiri kumi na tatu.
Kisha akapulizia wino ukauke,
kama mtu apoozaye chai ya mtoto.

Mchana tulikula maandazi.
Viatu vya Masalu vilikuwa na rangi ya Rau,
naye hakuvipangusa tena.

Usiku, hosteli ya Soweto, umeme waja na kuondoka.
Nasahihisha. Fomu ya Ndeshi:
nimekata alama mbili. *Mwongozo haukufuatwa.*
Kalamu nyekundu haijui kusita,
ingawa mkono ulisita.

Halafu nimezitoa fomu za kesho,
tupu, kumi na tisa, bado zanukia mashine.
Rula sina.
Nimetafuta mkobani kitambulisho changu.
Mstari wa kwanza umepinda.