Dodoso la Kumi na Saba

Nilifika Dodoma mwezi wa nane, upepo na mchanga wake,
nikiwa na begi, kalamu mbili na madodoso ishirini
niliyoyatoa chapa Makole, kwenye duka la steshenari
ambalo mashine yake huacha mstari mweusi
pembeni mwa kila ukurasa.

Chumba cha habari kiko ghorofani,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Meza sita, viti vitano,
waandishi kumi na tisa wa kupishana, na mhariri.
Ndahani, anayelipwa kwa habari moja moja,
huandika amesimama, kompyuta juu ya kabati.
Anasema mgongo wake ndio unaopenda hivyo.

Swali la kwanza: Kazini kwangu nina uhuru wa kutoa maoni.
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa.
Wakaandika tano, tano, tano,
kama darasa linaloitikia salamu ya mkaguzi.
Nikafurahi. Takwimu zilinyooka
kama reli inayokwenda Bahi.

Nilipompigia simu msimamizi wangu, hakufurahi.
"Dodoso limeuliza midomo," alisema.
"Baki hapo. Kaulize viti."

Nikauliza viti.
Chenye mto ni cha mhariri, Bwana Chilewa;
hata akiwa safarini Kondoa hakikaliwi.
Chai huanzia kwake, huteremka kwa wenye ajira,
ikimfikia Ndahani birika limeinamishwa mpaka linakohoa.
Na bahasha haiitwi bahasha.
"Nauli ilikuwepo?"
"Ilikuwepo, ila ya kwenda tu."
Wanacheka. Nami nacheka.
Naandika daftarini: ucheshi kazini,
kisha nafuta, maana kicheko changu nacho kimo.

Wiki ya pili Nyemo alileta habari kutoka njia ya Hombolo:
pampu ya shule iliyozinduliwa mara mbili,
isiyotoa maji hata mara moja.
Alikuwa na picha. Alikuwa na majina. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.
Bwana Chilewa aliisoma yote, akavua miwani.
Hakuikataa.
"Ipumzike kidogo," alisema.

Habari ikapumzika Jumanne.
Ikapumzika Alhamisi.
Kufika Jumatatu ilikuwa marehemu,
na hakuna aliyetandika mkeka.
Nyemo akaandika ya maonyesho ya zabibu,
ikatoka ukurasa wa mbele, kwa rangi.

Jioni nikamuuliza nani aliizuia.
"Hakuna," alisema,
akipangusa vumbi kwenye kibodi kwa upindo wa mtandio.
"Hapa hatukatazani. Tunajuana."

Tunajuana.
Nilipekua nadharia zote nilizobeba,
sikupata istilahi ya kulibeba neno hilo
bila kumwaga nusu yake.

Usiku wa mwisho, nyumba ya wageni Nkuhungu,
niliyapanga upya madodoso kitandani.
Hayana majina; niliahidi hayatakuwa na majina.
Lakini la kumi na saba lina mwandiko unaolala upande,
mwandiko wa mtu aandikaye amesimama.
Swali la ishirini: Je, umewahi kupokea
chochote kinachoweza kubadili unachoandika?
Hakuweka moja, hakuweka tano.
Ameandika pembezoni, akiufuata ule mstari mweusi:

"Dada, ile elfu kumi uliyotupa
tulipotia saini fomu yako,
wewe unaiitaje?"

Nimeiita posho ya ushiriki.
Sura ya tatu, aya ya mwisho.
Stakabadhi zimeambatanishwa.

Mchanga uliingia chini ya mlango bila hodi,
ukatua juu ya zile tano zangu zilizonyooka.
Sikuupangusa.
Nilikata neno posho kwa kalamu nyekundu,
nikaacha nafasi, nikazima taa.

Basi langu ni la saa kumi na mbili alfajiri.
Nauli ninayo.