Mshono

Dalali Shekilindi anasema: haijaguswa hii.
Ilikuwa ya mtawa mmoja, haijavuka Kibaha,
na anaipiga boneti kofi kama mgongo wa shemeji.
Yadi ya Kinondoni, saa nne, bati linachoma.
Leokadia kaniita niikague Prado
kabla hajamwaga akiba ya miaka saba
ya zamu za usiku.

Natoa sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu.
Mlango wa kulia, inashika.
Wa kushoto, inashika.
Kwenye madigadi inateleza, inaanguka mchangani
kama mtu aliyeulizwa jina akalisahau.

"Puti kidogo tu. Alikwaruza geti."

Bolti za boneti zimeliwa kingo na spana.
Taa moja changa kuliko mwenzake.
Natandika boksi, nalala chali,
tochi mdomoni, naingia chini.

Na pale kwenye chesisi, nyuma ya gurudumu,
chini ya rangi nyeusi iliyopakwa juzi,
mshono: nundu ndogondogo, zimelalia kushoto,
mwisho wake kijimkia.

Nachomelea hivyo mimi. Mkono wa kushoto.
Gerezani, mwaka ule wa mvua,
mwenye gari akaniambia, fundi,
fanya isionekane.
Ikafanyika.

Kutoka huku naona viatu vya Leokadia tu,
vyeupe, vya wodini,
kimoja kinapigapiga vumbi.

"Vipi huko chini?"

Tochi ingali mdomoni.
Naitoa.